Mgonjwa wa Upasuaji Asiachiwe Supu Peke Yake

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo kwa familia zinazouguza wagonjwa nyumbani baada ya upasuaji.



Mgonjwa akitoka hospitalini, jirani huja na chupa ya uji na shangazi huchemsha mifupa. Supu humwendea mgonjwa. Nyama hubaki sufuriani, ikaliwa na watoto na wageni. Nia ni njema, ila kilichomfaa mgonjwa kimeliwa na wenye afya.

Kidonda hakiponi kwa nyuzi za daktari pekee. Mwili hujenga nyama mpya kwa protini, na protini huundwa kwa asidi za amino. Ziko 20, na 9 kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea. Sharti zitoke kwenye chakula. Zikikosekana kwenye sahani, mwili huzitoa kwenye misuli. Hili si jambo geni. Mwaka wa 1930, David Cuthbertson wa Glasgow, Uskoti, alionyesha kwamba waliovunjika mifupa hupoteza naitrojeni nyingi kupitia mkojo, dalili kwamba misuli yao ilikuwa ikivunjwavunjwa.

Ndiyo maana mama wa miaka 65 aliyeingia wadini akitembea huweza kurudi nyumbani asiweze kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Kidonda ni kikavu, lakini mapaja yameisha. Wazee huumia zaidi, kwani misuli yao ilikuwa haba tangu awali.

Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Baada ya upasuaji mkubwa hupendekezwa gramu 1.2 hadi 1.5. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kama 15. Kikombe cha uji mtupu wa mahindi kina 2 au 3. Piga hesabu ni vikombe vingapi!

Si lazima kuchinja kuku kila siku. Mahindi yana upungufu wa asidi iitwayo laisini, nayo maharagwe yanayo tele, kwa hiyo githeri iliyoiva ikalainika ni chakula cha maana. Kuna omena, ndengu na maziwa lala. Uji nao utiwe maziwa au njugu zilizosagwa. Supu ya mifupa inywewe, ila protini yake haina kabisa triptofani, mojawapo ya zile 9. Haiwezi kushika nafasi ya nyama. Ugali usiondolewe pia, maana mwili ukikosa nguvu huchoma protini kama kuni.

Chakula hicho kigawanywe asubuhi, mchana na jioni, na mgonjwa atembezwe kadiri daktari alivyoruhusu. Misuli isiyotumika hupungua hata mtu akila vizuri.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini kabla ya kuuliza kliniki. Aliyepasuliwa tumbo afuate kwanza maagizo aliyopewa wadini. Anayeshindwa kumaliza sahani apewe kidogo kidogo, hata mara sita kwa siku. Akiendelea kukataa chakula, au kidonda kikifunguka au kutoa usaha, arudishwe hospitalini bila kungoja tarehe ya kliniki.