Siku Inayofuata Baada ya Kushinda Kesi

(Mada iliyotolewa katika semina ya kamati za haki na amani za parokia)





Tuzungumzapo juu ya haki mahakamani, mara nyingi tunafikiria siku ya hukumu. Leo tunapenda tuitafakari siku inayofuata.

Tuliwahi kuwapokea parokiani akina mama saba, wakulima wa alizeti mkoani Singida. Walikuwa wamemkabidhi mfanyabiashara mmoja mavuno yao kwa ahadi kwamba angewalipa baada ya wiki mbili. Hakuwalipa. Waliamua kumshitaki, nasi tukawatia moyo. Waliuza mbuzi ili wapate nauli na ada za mahakama, na baada ya miaka miwili wakashinda. Tuliimba kwa furaha. Lakini dalali wa mahakama alipokwenda kukazia hukumu, ilibainika kwamba lori lilikuwa la mtu mwingine, ghala lilikuwa la kupanga, na kampuni iliyoandikwa kwenye stakabadhi haikuwa na mali yoyote. Karatasi yenye muhuri bado wanayo. Alizeti hawana, mbuzi hawana, na fedha hawakuzipata.

Hatuna budi kukiri kwamba kosa hilo lilikuwa letu pia. Tuliwauliza kama wana mashahidi. Hatukuwauliza kama mdaiwa ana mali.

Bwana wetu alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama, na juu ya mfalme apimaye nguvu zake kabla ya kwenda vitani (Lk 14:28-32). Alikuwa akifundisha juu ya gharama ya kumfuata, lakini busara hiyo ya kuhesabu yatufaa hata tunapokwenda mahakamani. Basi, tuhesabu nini?

Kwanza, tujue mdaiwa ni nani hasa. Kisheria, kampuni iliyosajiliwa ni mtu tofauti na wenye hisa wake. Kanuni hiyo ilithibitishwa Uingereza mwaka 1896 katika shauri la Salomon, nayo yafuatwa hata kwetu. Stakabadhi ikiwa na jina la kampuni, kwa kawaida mali ya mkurugenzi haiguswi. Daftari la makampuni hutunzwa na BRELA, na mtu yeyote aweza kuomba taarifa kwa kulipa ada.

Pili, tujue mali ni ya nani. Kuendesha gari si kulimiliki. Jina la mmiliki limo katika usajili wa Mamlaka ya Mapato. Kiwanja chenye hati chaweza kuulizwa kwa Msajili wa Hati, na hapo itaonekana pia kama kimewekwa rehani benki, kwa maana mwenye rehani hutangulia kulipwa. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Huko ndiko pa kuuliza.

Tatu, tujue mali isiyoweza kukamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inalinda mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia na vitanda vya mdaiwa na familia yake, zana za fundi, zana za mkulima, na hata nyumba wanamoishi. Tusishangae. Torati nayo ilikataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa sababu ndiyo riziki ya mtu (Kum 24:6). Haki yetu haiwezi kujengwa juu ya njaa ya watoto wa mdaiwa.

Hapa tuseme neno juu ya namna ya kuchunguza. Torati inamwagiza mdai asiingie katika nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani, bali asimame nje (Kum 24:10-11). Nasi tusimame nje ya mlango. Kumhonga karani wa benki ili atoe siri za akaunti, kupekua simu ya mtu, au kuwatumia watoto wake kama wapelelezi ni dhambi, na kwaweza kutufanya sisi wenyewe kuwa washitakiwa. Tangu mwaka 2022 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wala jumuiya isigeuzwe kuwa baraza la kusengenya umaskini wa jirani. Madaftari ya umma, mikataba yetu wenyewe na yale yanayoonekana kwa macho vyatosha kuanzia.

Baada ya kuchunguza, tufanye nini? Ikionekana kwamba mdaiwa ana mali, lakini anaihamisha ili akwepe hukumu, sheria inaruhusu kuiomba mahakama iizuie mali hiyo hata kabla ya hukumu, mradi tuwe na ushahidi na si tetesi. Ikionekana kwamba ana kidogo, tutafute sulhu: alipe kidogo kidogo, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Lakini tusikawie mno katika mazungumzo, kwa maana madai ya mkataba kwa kawaida hupitwa na wakati baada ya miaka 6.

Wapo watakaouliza: je, asiye na mali asishitakiwe kamwe? Sivyo. Anayegombea shamba lake la urithi au jina lake jema hatafuti fedha tu, na huenda hukumu yenyewe ikamtosha. Tunachosema ni kwamba mjane asiuze mbuzi wake wa mwisho bila kuambiwa ukweli. Kumwambia ukweli huo ni wajibu wetu, tukishirikiana na watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya mwaka 2017.

Wale akina mama wanaendelea kulima. Siku hizi, kabla gunia halijapakiwa, huuliza: stakabadhi ni ya jina gani, na lori ni la nani? Maswali hayo hayana ada. Laiti tungaliwafundisha mapema zaidi.

Mungu awabariki na kuwajalia hekima katika utume wenu. Amina.