Pensheni Ni Deni, Si Hisani: Neno kwa Vijana wa Migori na Homa Bay



Vijana wenzangu, najua mkisikia neno pensheni mnasema hayo ni mambo ya wazee. Una miaka 23, unatafuta kibarua Awendo au unauza samaki Mbita, pensheni inakuhusu nini? Inakuhusu sana, kwa sababu wewe ndiye utakayeilipa.

Tuelewane kwanza. Mwalimu au askari aliyeajiriwa zamani hakukatwa pesa za kujiwekea pensheni. Aliahidiwa tu kwamba akistaafu serikali itamlipa. Hakuna mfuko uliojazwa kwa ajili yake. Kila mwaka serikali huchukua kodi za mwaka huo na kuwalipa waliostaafu. Ahadi ilitolewa jana, bili inaletwa leo, na kesho itakuwa kubwa zaidi kwa sababu wanaostaafu wanazidi.

Kuna wanaosema: basi wapunguziwe hao wazee, nchi haina pesa. Hapana, ndugu zangu. Kazi ilishafanywa. Yule mwalimu alifundisha miaka 30 akijua sehemu ya malipo yake iko mbele. Kumpunguzia leo ni kumnyima ujira baada ya jasho kukauka. Ya zamani yalipwe. Kinachobadilishwa ni utaratibu wa wale wanaoanza.

Na umeshaanza kubadilishwa. Januari 2021 Kenya ilianzisha mpango mpya wa pensheni kwa watumishi wa umma. Mfanyakazi alianza kwa kukatwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi, mwaka wa pili asilimia 5, kisha asilimia 7.5. Serikali inatakiwa kuongeza asilimia 15. Ni hatua nzuri, lakini ina gharama yake: kwa miaka mingi serikali italipa mara mbili, pensheni za wazee na michango ya vijana. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia, kumkata mfanyakazi halafu kuchelewesha mchango.

Sasa tuje nyumbani. Migori na Homa Bay zilipoanza kuwa serikali za kaunti 2013, zilirithi wafanyakazi wa mabaraza ya zamani. Wafanyakazi hao walikuwa na mifuko yao, Lapfund na Laptrust. Kote nchini, mifuko ya namna hii imedai mabilioni ya shilingi kutoka kwa mabaraza na baadaye kaunti: pesa zilizokatwa kwenye mishahara zisifike, au mchango wa mwajiri usilipwe. Deni hilo haliozi likaisha, linaongezewa riba. Mfanyakazi anastaafu, anaenda kudai haki yake, anaambiwa mwajiri wako hajaleta pesa.

Hiyo si shida ya hesabu tu. Pesa iliyokatwa kwenye mshahara wa mtu ni amana. Na sisi tunajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni. Deni lisiloandikwa huanza kusahaulika, kisha hukanushwa.

Tazameni ng'ambo ya mpaka pale Isebania. Tanzania ilikuwa na deni la pensheni za watumishi kwa kazi waliyofanya kabla ya Julai 1999, walipokuwa hawajaanza kuchangia. Mzigo ulikaa miaka kwenye mfuko wa PSPF, ambao 2018 uliunganishwa na mingine kuwa PSSSF. Mwishowe serikali ilikiri deni na kuupa mfuko hati fungani za zaidi ya shilingi trilioni 2 za Tanzania. Hati si pesa mkononi, lakini deni sasa lina kiasi na lina maandishi.

Kwa hivyo tudai mambo matatu. Kwanza, kila kaunti itangaze inadaiwa kiasi gani cha pensheni, na mfuko gani unaidai. Pili, makato ya mwezi huu yafike mwezi huu, deni jipya lisizaliwe. Tatu, deni la zamani liwekewe ratiba ya kulipwa na litengewe fungu lake kwenye bajeti ya kila mwaka.

Tutadai wapi? Mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Sheria inataka wananchi washirikishwe. Vikao vikiitwa Rongo, Oyugis au Kendu Bay, nendeni. Msiulize barabara peke yake, ulizeni na pensheni. Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mizigo na manufaa ya fedha za umma vigawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na vizazi vijavyo. Kizazi kijacho kinachotajwa pale ni wewe na watoto wako.

Anayekaa kimya leo asishangae kesho akiletewa bili ya karamu ambayo hakualikwa.