Watu wa Damu na Watu wa Upendo

Somo: Warumi 14:1-13

Tunazungumza nanyi kutoka Asumbi, katika Kaunti ya Homa Bay. Twashukuru kwamba mmetufungulia mlango wa nyumba zenu asubuhi hii, pengine chai ingali motoni na watoto wanatafuta viatu vya shule.

Wengi wenu mnaijua Asumbi kwa sababu ya misheni ya Kikatoliki na chuo cha walimu. Kengele ya misheni hutuamsha hata sisi tusio wa misheni. Waprotestanti hapa si wengi, na mtu angetazamia kwamba watu wachache watashikana mikono. Sivyo ilivyo. Jirani yetu mmoja Mkatoliki alituuliza siku moja, bila ubaya wowote, "Pastor, ninyi nyote mwasema mmeokolewa na Yesu mmoja, na Biblia yenu ni moja. Mbona basi hamli meza moja?" Tulimjibu kwa maneno mengi, na tulipokwisha tuliona kwamba hatukumjibu.

Jambo aliloliuliza lina historia huku kwetu, na vijana wengi hawaijui. Uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda, ulifika Nyanza kabla ya muongo ule kwisha. Uliwakuta watu waliobatizwa na kuandikwa katika vitabu vya kanisa, lakini mioyo ya wengi ilikuwa imelala. Watu walitubu hadharani. Walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni ya zamani, waume waliwaomba wake zao msamaha. Hao waliitwa Joremo, yaani watu wa damu, kwa maana walishuhudia kwamba wameoshwa kwa damu ya Yesu. Hatutaki mtu yeyote alidharau jambo hilo. Wengi wetu tuliokulia katika nyumba za sala ni wajukuu wa uamsho ule.

Lakini baada ya muda neno jingine likaingia. Ikasemwa kwamba asiyesimama mkutanoni na kuzitaja dhambi zake kama wao walivyozitaja, huyo hajaokoka, hata akiwa mzee wa kanisa, hata akiwa kasisi. Wengine wakajibu kwamba alama ya mwanafunzi wa Kristo ni upendo, nao wakaitwa Johera, watu wa upendo. Maaskofu walijaribu kupatanisha, wakashindwa. Mwaka 1957 Kasisi Matthew Ajuoga na makasisi wenzake kadhaa, pamoja na maelfu ya waumini, waliondoka katika Kanisa la Anglikana, likaanza Church of Christ in Africa. Waliondoka na ibada yao mikononi, kwa maana waliendelea kusali kwa namna inayofanana sana na yetu. Tazameni ajabu hii: watu wa damu na watu wa upendo wakatengana, hali damu ile ilimwagika kwa ajili ya upendo!

Sasa tuwaambieni kosa letu wenyewe.

Miaka kumi na michache iliyopita tulikuwa tumetoka chuo cha theolojia, tukiwa na majibu mengi kuliko maswali. Tuliombwa kuwafundisha viongozi walei wa makanisa madogo ya upande huu. Tulipofika somo la historia tuliwaeleza Johera wanaamini nini. Tulisema kwamba wao huiacha damu ya Kristo na kujitegemea matendo mema, na kwamba kwao toba si kitu. Tulisema vizuri, na wengine waliandika. Nyuma kabisa, karibu na mlango, aliketi mzee mmoja ambaye tulidhani amemsindikiza mjukuu wake. Akainua mkono.

"Mwanangu," akasema, "mimi ni Johera tangu mwanzo. Hayo uliyosema sijawahi kuyaamini, wala sijawahi kumfundisha mtu."

Tulimwuliza, "Basi Jaduong', ninyi mwaamini nini?" Akasimama, akaeleza. Alisema anaamini damu ya Yesu kama sisi. Hakuondoka kwa sababu ya damu. Aliondoka kwa sababu katika mkutano mmoja aliambiwa mbele ya watu kwamba mama yake hajaokoka, kwa kuwa mama huyo hakuwa tayari kusimama na kutaja dhambi zake. "Mama ndiye aliyenifundisha Baba Yetu," akasema, "na aliyesema maneno hayo ni ndugu yangu, tumbo moja."

Mnaona, wapendwa? Tulikuwa tumemshuhudia jirani yetu uongo, tena kanisani, tena tukiwa tumefungua Biblia. Amri ya kukataza jambo hilo haikuacha nafasi kwa walimu wa theolojia. Tangu siku ile tumejiwekea sharti, na si rahisi kulishika: tusiipinge imani ya Mkristo mwenzetu mpaka tuweze kuieleza hivi kwamba yeye mwenyewe akisikia ataitikia, "Naam, ndivyo nisemavyo." Mara nyingi tukifika hapo tunakuta hoja tuliyoibeba imepungua nusu. Nusu inayobaki, hiyo ndiyo tofauti ya kweli, na hatuna budi kuizungumza.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi waliotofautiana juu ya vyakula na juu ya siku za kuadhimishwa. Msome sura ya 14 taratibu. Anaonya dhambi mbili, wala si moja. Yule anayejiona huru ana kishawishi cha kumdharau mwenzake, na yule anayejizuia ana kishawishi cha kumhukumu. Joremo walihukumu. Na Johera je? Mzee wetu alikiri mwenyewe kwamba kwa miaka mingi waliwacheka ndugu wa uamsho, wakiigiza namna wanavyolia mkutanoni. Watu waliojiita kwa jina la upendo! Paulo anawaambia pande zote mbili kwamba mtumishi huyo ana Bwana wake, na kwamba Bwana huyo hakuwaajiri wao wawe wasimamizi.

Mtu atasema, "Basi Pastor, kila fundisho ni sawa?" La, hasha. Paulo huyo huyo alimpinga Petro kule Antiokia, Petro alipojitenga na Wakristo wa Mataifa wakati wa kula. Ila alimpinga usoni, juu ya jambo aliloliona kwa macho. Hakumsema nyuma yake, wala hakuandika kwamba Petro hajaokoka. Sisi kwa kawaida hugeuza: usoni twatabasamu, na maneno makali twayaweka kwa ajili ya mkutano wetu wa Alhamisi.

Wenzetu wa Uganda nao walijaribiwa hivyo. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 wa uamsho walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Wakuu wa chuo walitaka utaratibu, nao wanafunzi walikataa kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri na kuhubiri kwao dhidi ya dhambi waliyoiona chuoni. Kila upande ulikuwa na neno la haki, na kila upande ulisema zaidi ya haki. Hata hivyo uamsho ulibaki ndani ya Kanisa la Uganda, na baadaye ukawalea maaskofu wake. Hatujui kueleza kikamilifu kwa nini kule walibaki na huku kwetu wakaondoka. Tunaloliona ni kwamba kule wengi waliendelea kusali kanisa moja na watu waliowaudhi.

Turudi kwa wale ndugu wawili. Yule aliyekuwa Joremo alikuwa mshiriki wetu. Naye tulimwuliza upande wake, na haki itendeke kwake pia. Alikuwa kijana, hajafika miaka ishirini, alipotubu. Alitembea kwa miguu kumrudishia mtu ndama aliyemwiba. Alipokuwa akirudi alijiona mwepesi kama mtoto, akatamani kila mtu wa nyumbani aujue wepesi ule. "Nilimpenda mama," alisema, "ndiyo maana nilisema." Basi yule wa damu alisema kwa upendo, na yule wa upendo aliiamini damu, na kwa zaidi ya miaka hamsini hawakushiriki Meza ya Bwana pamoja.

Alipougua sana tulipeleka Ushirika Mtakatifu nyumbani kwake. Tulipoingia, kando ya kitanda aliketi ndugu yake, mkono wa mgonjwa ukiwa mkononi mwake. Hatukumtazamia. Tuliendesha ibada, mzee yule wa Johera akaitikia kila neno bila kitabu. Ilipofika wakati wa mkate tulimpa mgonjwa, tukampa mkewe, tukawapa watoto wao. Mzee alikuwa amekwisha kufungua viganja vyake. Tukampita.

Hatukuwa na sababu. Hatukujua kanuni za kanisa zasema nini juu ya mtu kama yeye, wala hatukuwa tumejisumbua kuuliza. Tuliogopa tu kwamba kesho itasemwa sokoni kwamba Pastor amewapa Johera meza. Akafumba viganja polepole, akavirudisha magotini. Mgonjwa aliona. Hakusema neno, aligeuza uso ukutani. Alifariki siku ya nne.

Siku ya mazishi ndugu wa uamsho waliimba Tukutendereza mpaka sauti zikakauka. Kisha wazee wa ukoo wakamwomba ndugu wa marehemu aseme. Alisimama na fimbo yake, akasema kwamba yeye na mwana wa mama yake hawakupatana kamwe juu ya kutubu mbele ya watu, wala kule kitandani hawakupatana, ingawa walilizungumza siku tatu. "Yeye amefika kwanza," akasema. "Nikifika nitamwuliza kama amekwisha kumwona mama." Watu walicheka, halafu wakalia.

Baada ya juma moja tulikwenda nyumbani kwake kumwomba msamaha kwa ajili ya mkate. Tulikuwa tumeandaa maneno ya kueleza. Alitukatiza, akamwita mjukuu alete kiti, akatuuliza kama tumekunywa chai.

Natuombe.

Bwana Yesu, utusamehe kwa majina tuliyowaita ndugu zetu wakati hawakuwapo kujitetea. Uwakumbuke wote waliofungua viganja nasi tukawapita. Utupe ujasiri wa kuwaambia usoni yale tusiyopatana nao, na utuketishe nao kwanza. Kwa jina lako. Amina.