Kuiagiza Mashine kwa Ukweli



Tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba 2022, baadhi yetu tumeanza kutumia akili mnemba kuandika maombi ya misaada. Ukiiambia tu, “Andika ombi la kisima,” itajaza ukurasa maneno matamu, pengine na takwimu za kubuni. Afadhali uieleze: anayeandikiwa ni nani, kaya ni ngapi, maji yako umbali gani, gharama ni kiasi gani. Iagize isiongeze tarakimu usiyoipa, kisha uhakiki mwenyewe kila neno. Wala usiandike humo jina la mjane au maradhi yake. Tanzania ina sheria ya mwaka 2022 inayolinda taarifa binafsi, na heshima ya maskini ni amana. Mashine haitatoa hesabu, tutaitoa sisi.