Sayansi ya Vitu Vidogo na Maji ya Kwetu

(Hotuba kwa familia na vijana katika sherehe za Siku ya Uhuru, Sydney)

 

Nimepewa dakika kumi na tano nizungumzie nanoteknolojia. Naona wengine wamesikia neno hilo wakageuza shingo kuangalia kama pilau limeiva. Nivumilieni kidogo. Habari yenyewe inaishia kwenye ndoo ya maji ya bibi zenu, na kwenye fedha ambazo jumuiya yetu huchanga kila mwaka kupeleka nyumbani.

Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu Nyerere na wenzake walitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Kila mtoto aliyesoma Tanzania anawajua maadui hao kwa majina. Leo nataka tumtazame adui mmoja mdogo sana, asiyeonekana, asiye na rangi wala harufu, na tuone elimu inavyopambana naye.

Kwanza, nano ni nini? Chukueni mita moja, ile rula ndefu ya mwalimu. Igawanyeni vipande bilioni moja vilivyo sawa. Kipande kimoja ni nanomita moja. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Kirusi cha korona kina upana wa nanomita 100 hivi. Watoto, tazameni kucha zenu: tangu nilipoanza kusema sentensi hii, kila kucha imekua nanomita kadhaa, kwa sababu ukucha hukua takriban nanomita moja kwa sekunde. Nanoteknolojia ni ufundi wa kutengeneza na kutumia vitu vyenye ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100 hivi.

Kwa nini watu wahangaike na udogo huo? Kwa sababu kitu kikiwa kidogo kiasi hicho, tabia yake hubadilika. Dhahabu ya Geita ni ya njano, sote tunajua. Lakini chembe za dhahabu zenye upana wa makumi machache ya nanomita, zikiwa ndani ya maji, huonekana nyekundu. Wengi wenu mmeshaiona dhahabu hiyo bila kuambiwa. Katika vipimo vingi vya haraka vya malaria vinavyotumika kwenye zahanati za kwetu, ule mstari mwekundu unaojitokeza ni chembe za dhahabu zilizokusanyika mahali pamoja. Vipimo vingi vya korona tulivyotumia majumbani hapa Sydney vilifanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Sababu ya pili ni uso wa kitu. Mama anapowasha jiko hawashi gogo zima. Huanza na vijiti. Vijiti hushika moto haraka kwa sababu sehemu kubwa ya mti wake imeguswa na hewa. Sasa chukueni kipande cha mraba chenye sentimita moja kila upande, kama kipande cha sukari. Nyuso zake zote sita zikijumlishwa ni sentimita za mraba 6. Kikatekate mpaka kila kipande kiwe na nanomita moja kila upande. Sukari ni ile ile, haikuongezeka hata chembe, lakini nyuso zake zote kwa pamoja sasa ni mita za mraba 6,000. Huo ni karibu uwanja mzima wa mpira, umetoka kwenye kipande kinachokaa kwenye ncha ya kidole. Likumbukeni hilo, nitalirudia tukifika kwenye maji.

Hapa tunapoishi, sayansi hii haiko mbali. Ndani ya Chuo Kikuu cha Sydney, pale Camperdown, kuna jengo la utafiti wa nano lililofunguliwa mwaka 2016. Limejengwa kwa namna ya kuzuia mtikisiko na mabadiliko ya joto, kwa sababu gari likipita barabarani laweza kuharibu kipimo cha kitu kidogo namna hiyo. Katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Profesa Michelle Simmons na wenzake walitangaza mwaka 2012 kwamba wametengeneza transista, kile kiungo cha kuwasha na kuzima umeme ndani ya kompyuta, kwa kutumia atomu moja tu ya fosforasi iliyowekwa mahali pake ndani ya silikoni. Mama huyo alizaliwa Uingereza, akaja hapa kama mhamiaji, na mwaka 2018 alitunukiwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka. Binti zetu msikie hilo.

Hata kwenye mkoba wa kwenda ufukweni nano imo. Mafuta ya kujikinga na jua yenye zinki zamani yalimwacha mtu mwenye ngozi yetu kama aliyepakwa unga wa muhogo. Zinki ikifanywa chembe za nano, weupe ule hupungua sana, na miale mikali ya jua bado huzuiwa. Wenye mamlaka ya dawa hapa Australia walipitia tafiti kuhusu chembe hizo na kuona kwamba hazipenyi hadi kwenye seli hai za ngozi kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Sasa twende nyumbani.

Kuanzia Arusha na Kilimanjaro, kupita Manyara hadi Singida na Shinyanga, yako maeneo mengi ambako maji ya ardhini yana floridi nyingi. Miamba ya volkano na ya Bonde la Ufa ina madini hayo, na maji yakikaa humo huyayeyusha. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwani vyanzo vingi vya kaskazini visingeweza kufika chini ya hapo. Na viko visima na mito inayozidi hata hiyo 4.

Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanajengeka huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Anayeyanywa kwa wingi kwa miaka mingi aweza kupata maumivu ya mifupa, viungo kukaza, hata miguu kupinda. Wapo ndugu zetu, na wengine wamo ukumbini humu, ambao hujifunika mdomo kwa mkono wanapocheka. Watoto mliozaliwa hapa, mkiona meno ya babu au shangazi yana rangi hiyo, msidhani alikuwa mvivu wa kupiga mswaki. Alikunywa maji ya kijijini kwake, basi. Na wakubwa wenye meno hayo, mkienda kwa daktari wa meno hapa, mwambieni mlikulia wapi.

Wapo watakaoniuliza: mbona hapa Sydney serikali inaongeza floridi kwenye maji ya bomba? Ni kweli, imefanya hivyo tangu mwaka 1968. Lakini kiasi chake ni takriban miligramu moja kwa lita, nacho husaidia meno yasioze. Ni kama chumvi kwenye mboga. Kidogo kinafaa, kingi kinaharibu.

Tatizo ni namna ya kuitoa. Mazoea yetu ni kuchemsha maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi haifi wala haipai na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, floridi iliyobaki hukolea zaidi. Kuchuja kwa kitambaa nako hakusaidii. Bakteria wengi wana ukubwa wa nanomita 1,000 hivi, kwa hiyo kichujio kizuri huwanasa. Ioni ya floridi haifiki hata theluthi moja ya nanomita. Kuinasa kwa tundu la kitambaa ni kama kuvua dagaa kwa wavu wa goli.

Kinachofaa ni kitu chenye uso mkubwa ambao floridi inapenda kugandia. Ndiyo maana niliwaambia mkumbuke ule uwanja wa mpira. Kwa miaka mingi kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimetumia mkaa wa mifupa ya wanyama. Mkaa huo una vitundu vidogo visivyohesabika, na madini ya mfupa huishika floridi.

Kisha akatokea Dkt. Askwar Hilonga. Huyu ni mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu, aliyekulia kwenye shida ya maji tunayoizungumzia. Alisoma hadi akapata shahada ya uzamivu katika nanoteknolojia huko Korea Kusini, kisha akarudi kufundisha katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru karibu na mji wa Arusha. Alitengeneza kichujio kinachounganisha mchanga na viambato vya nano. Mchanga hunasa uchafu na vijidudu, jambo ambalo wazee wetu walilijua zamani. Viambato vya nano hushika kile ambacho mchanga hauwezi kukishika, na hupangwa kulingana na maji ya mahali husika: kama shida ni floridi, hupangwa kwa floridi, kama ni metali nzito, hupangwa kwa hizo. Mwaka 2015 alikuwa mtu wa kwanza kupata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000.

Hesabu za nano alizipata kwenye maabara. Swali la kuzitumia alilitoa Gongali. Wanasayansi wa nano wako wengi duniani, na wengi wao hawajawahi kuona jino lenye madoa ya maji ya Arusha, kwa hiyo hawangefikiria kulishughulikia. Vijana wetu wa hapa mna maabara nzuri karibu nanyi. Mkipoteza habari za nyumbani, mtakuwa na majibu mazuri ya maswali ya watu wengine. Kwa hiyo wazazi, mnapopiga simu Tanzania, waacheni watoto wazungumze na bibi kwa Kiswahili, wamuulize anachota maji wapi na yana ladha gani. Hayo nayo ni masomo ya sayansi.

Sasa niseme neno la tahadhari, maana kila dawa ina masharti yake.

Kwanza, uso wa kichujio ukishajaa floridi haushiki tena. Maji yataendelea kutoka meupe, safi kwa macho, na floridi imo. Lazima kiambato kibadilishwe na maji yapimwe. Kichujio kilichotolewa zawadi bila mtu wa kukitunza baada ya muda ni ndoo tu.

Pili, udogo ule ule unaofanya chembe zifae waweza kuzifanya zidhuru. Wako kati yetu mafundi wanaokata mawe na vigae. Vumbi la silika, ijapokuwa sehemu yake kubwa si ndogo kufikia nano, huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaharibu, na ndiyo sababu Australia ilipiga marufuku mawe bandia ya jikoni kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Vaeni barakoa zinazotakiwa, msione haya. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Tatu, si kila kinachoandikwa nano ni nano. Mkiletewa kwenye simu bangili ya nano inayotibu kisukari, ulizeni: chembe gani, zinafanya nini, nani amepima? Muuzaji asipojibu, fedha zenu zibaki mfukoni.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia na ombi. Tunachangia visima nyumbani, na ni jambo jema. Lakini katika mikoa niliyoitaja, kisima kirefu chaweza kutoa maji yenye floridi nyingi kuliko mto ambao wanakijiji waliuacha. Naomba kuanzia sasa jumuiya yetu isitume fedha ya kisima katika maeneo hayo kabla maji hayajapimwa floridi na majibu kusomwa kwenye kikao. Kipimo kikionyesha kiasi kikubwa, tujadili njia tatu: tangi la kuvuna maji ya mvua, ambayo kwa kawaida yana floridi kidogo sana; kichujio chenye mtu wa kukitunza na bajeti ya kubadilisha kiambato; au chanzo kingine. Gharama ya kupima ni ndogo mno ukilinganisha na ya kuchimba.

Na vijana wa kidato cha juu mnaosoma kemia, nawaomba mje kwenye kikao hicho. Mtatusaidia kuyasoma majibu ya maabara, maana wengi wetu wazee tutaona tarakimu tu.

 Nawatakieni nyote heri ya Siku ya Uhuru. Sasa pilau.