Meza ya Ada na Mizani ya Nesi

(Mazungumzo na viongozi wa matawi, Mpanda)



Tumepewa nafasi leo tuseme habari za wauguzi wa watoto wanaozunguka katika vijiji vyetu. Twajua kwamba baadhi yenu mlipoona jina la mazungumzo mlisema moyoni, "Ah, hayo ni mambo ya akina mama," na wawili tumewaona wakitoka kwenda kunywa chai. Waacheni wanywe. Sisi tuliobaki tutazungumza, maana katika habari hii limo kosa letu wenyewe, na si vizuri kosa la Chama lisemwe gizani.

Kwanza tuelewane tunamsema nani. Hatumsemi nesi wa wodini peke yake. Twamsema yule wa zahanati ambaye siku ya huduma ya mkoba hufunga mizani nyuma ya pikipiki au baiskeli, akaenda kuitundika kwenye tawi la mwembe huko kitongojini. Na twamsema mhudumu wa afya wa jamii, ambaye ni jirani yetu, mtoto wa hapa hapa, apitaye nyumba hata nyumba. Kwa miaka mingi wahudumu hawa walifanya kazi ya kujitolea, malipo yao asante, na pengine kuku. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwapeleka kazini wahudumu 137,294 nchi nzima kwa muda wa miaka 5. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mpango haupandi mlima. Apandaye mlima ni mtu.

Tena kazi ya kumfuata mgonjwa alipo si ngeni katika nchi hii yetu. Wazee wa Karema wanajua habari za Adrien Atiman. Alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa uganga wa kisasa katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akaoa huku huku, akatibu watu mpaka alipokufa mwaka 1956. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi. Mwafrika huyo alikuwa akitibu huku kabla babu zetu wengi hawajaona gari. Basi yule asemaye kwamba huduma ya kuzunguka ni mtindo mpya ulioletwa na watu wa miradi, mwambieni akaulize Karema.

Kilichobadilika ni wingi wa watu. Mkoa wetu wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kwa kugawa Rukwa, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Yaani katika miaka 10 tumekuwa zaidi ya mara mbili. Wamekuja wafugaji na ng'ombe zao, wamekuja wakulima wa mpunga, wa mahindi na wa tumbaku, wamekuja wachimba dhahabu. Wengi wao wako mbali na barabara, katika maboma yasiyo na jina kwenye ramani. Zahanati ikijengwa leo, kesho watu wako mbele yake. Kwa hiyo nesi ndiye hana budi kutembea.

Sasa natuone kazi yenyewe. Alfajiri hutoa chanjo katika jokofu la zahanati na kuzipanga katika kisanduku cha barafu, maana chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za joto, na jua la Mpanda hamna haja ya kuelezwa. Huko aendako atapima uzito, atasoma kadi, atachanja watoto wa wiki 6, wa wiki 10 na wa wiki 14, kisha wale wa miezi 9 na miezi 18 kwa ajili ya surua. Na hiyo chanjo ya surua ina mambo yake. Hukaa katika kichupa kama unga, na ikishachanganywa na maji yake hufaa saa 6 tu, kisha ni ya kutupwa. Kichupa kimoja ni cha watoto 10. Wakija watoto 2 tu nesi afanyeje? Afungue, atupe sehemu ya watoto 8, halafu aulizwe dawa imekwenda wapi? Au awaambie wale mama wawili warudi mwezi ujao? Tuliwauliza wengi swali hili. Karibu wote walitujibu kwamba ni heri kumwaga dawa kuliko kumrudisha mtoto, kwa sababu mama aliyerudishwa mara moja haji mara ya pili. Lakini walikiri kwamba mkono hutetemeka wakati wa kufungua. Likumbukeni jambo hili la kichupa, tutalirudia.

Sisi tulisomea ualimu. Chuoni tulifundishwa habari za ukuaji wa mtoto, tukafanya mtihani, tukafaulu, na bado tulitoka tukiamini kwamba mtoto huanza kuwa kazi ya taifa siku ile anapokaa kwenye dawati la darasa la kwanza. Nesi ndiye aliyetuondoa ujinga huo. Mtoto aliyedumaa kabla ya kutimiza miaka 2 huja kwa mwalimu akiwa amechelewa tayari, na mwalimu humwita mvivu. Hesabu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Na huku kwetu si kwamba hakuna chakula. Magunia ya mahindi tunayapakia kwenye malori. Mpunga uko, karanga ziko, maharage yako, dagaa na migebuka hutoka ziwani. Lakini mtoto hupewa uji wa mahindi matupu asubuhi, akaachwa na dada yake wa miaka 7, mama akaenda kwenye tumbaku mpaka jioni.

Tulipowauliza wauguzi kazi yao ni nini hasa, tulitazamia waseme sindano. Hawakusema sindano. Walisema kazi yao ni kukaribishwa. Nesi mmoja, mama wa makamo aliyefanya kazi hii zaidi ya miaka 20, alituambia kwamba mizani ni kisingizio tu cha kuingia uani.

Tukataka mfano, akatupa wa kubemenda. Nyote mnalijua neno hili. Mtoto akidhoofu, majirani husema wazazi wamembemenda, yaani hawakungoja, au baba alitoka nje. Basi nesi ana ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, wenye rangi ya kijani, ya njano na nyekundu. Mkono ukiwa chini ya milimita 115 utepe husoma nyekundu, na maana yake ni mtoto ana utapiamlo mkali, apelekwe kutibiwa upesi. Lakini mkipima hadharani chini ya mwembe, mbele ya wanawake 40, utepe ukasoma nyekundu, kila mtu pale husikia hukumu nyingine kabisa. Mama amevuliwa nguo mbele ya kijiji. Hatakuja tena, na mumewe atampiga. Kwa hiyo nesi huyu hupima watoto wote kwa uzito pale mtini, na mkono huupima baadaye, nyumba kwa nyumba, ndani, akizungumza habari za mihogo. Hakuna kitabu kilichomfundisha. Alijifunza kwa mama mmoja aliyehama kijiji.

Hali ni hiyo hiyo kwa degedege. Wako wazee waaminio kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa, basi humfukiza na kumfunga hirizi kwanza, nayo malaria inazidi kupanda kichwani. Kijana aliyetoka chuoni jana huwakemea. Aliye mzoefu huanza na bibi. Humwamkia shikamoo, hukaa kwenye mkeka, humwuliza aliwalea watoto wangapi na waliobaki ni wangapi. Bibi akishasema hesabu hiyo mwenyewe, nusu ya kazi imekwisha. Huambiwa, "Bibi, fukiza ukitaka, lakini pikipiki iko mlangoni, tufukize huku tunakwenda." Ataka ruhusa ya bibi, maana katika nyumba nyingi mama wa mtoto hana sauti.

Na mara nyingi mama huyo mwenyewe ni mtoto. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Tulikuwa wa kwanza nchini kwa aibu hiyo. Nesi humkuta msichana wa miaka 16 amebeba mtoto, hajui kumnyonyesha, anaona haya. Tangu Novemba 2021 msichana aliyezaa anaruhusiwa kurudi shuleni. Wauguzi wengine huwaambia habari hiyo pale pale kwenye mizani. Sisi walimu je, tumewaambia wangapi?

Sasa tuje kwenye kosa letu.

Tawi hatutalitaja, wahusika tumo humu. Tuliona kwamba siku ya kupima watoto ndiyo siku pekee ambayo akina mama wote wa kitongoji hukusanyika bila kupigiwa mbiu. Tukasema, hii ni bahati. Tukapeleka meza chini ya ule ule mwembe. Mama akitoka kwenye mizani anakutana na meza: ada ya uanachama, mchango wa ofisi ya tawi, na daftari la kuandika majina na mahali mtu anapokaa. Hatukumlazimisha mtu, tulisema. Lakini mama aliyebeba mtoto mgongoni, nesi kulia, kiongozi kushoto na daftari mbele, atajuaje kwamba halazimishwi? Tukakusanya fedha kidogo, tukafurahi, tukaandika ripoti nzuri.

Mwezi uliofuata hawakuja hata nusu. Wafugaji wa ng'ambo ya mto hawakuja hata mmoja. Hawa ni watu ambao wamewahi kuondolewa sehemu moja na nyingine kwa ajili ya mipaka ya hifadhi. Kwao, mtu anayeandika jina na mahali unapokaa ni mtangulizi wa mtu mwenye bunduki. Nesi alikuwa amewazungukia muda mrefu mpaka wakakubali kuvuka. Alikuwa hata ameacha kuvaa sare akienda kwao, alikwenda na kanga mbili kama mgeni mwingine yeyote. Daftari letu lilivunja kazi hiyo kwa asubuhi moja.

Siku ile nesi alisubiri na kile kichupa cha surua mkononi, kisha akakifungua kwa ajili ya watoto watatu.

Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 surua ilizuka katika mkoa wetu, huko Mpimbwe, ikaua watoto. Kwetu ilipita baadaye, kidogo. Ng'ambo ya mto iliwakuta watoto waliokuwa wamefikisha miezi 9 katika miezi ile mama zao walipoacha kuja. Mmoja wao hakufa, lakini jicho lake la kushoto halioni. Tumekwenda kwao. Baba yake alitukaribisha maziwa, hakusema neno la meza wala la daftari. Huenda hajui. Sisi twajua.

Nesi hakutulaumu. Alikuja ofisini kwa tawi akaomba jambo moja, tuhamishe meza. Kisha akasema, kama tuna nguvu za kubeba meza, basi tuna nguvu za kubeba mizani.

Mtu atauliza, je, Chama kisikusanye ada? Kikusanye, lakini ofisini na kwenye mkutano wake. Mwingine amependekeza kwenye kikao kilichopita kwamba mama asiyemleta mtoto atozwe faini ya kijiji. Tulimsikiliza kwa adabu, na twasema hapana. Wauguzi wote tuliowauliza wanachukia faini. Huleta watoto mwezi mmoja, kisha hufundisha watu kujificha. Na akina baba ndio wa kuambiwa. Ndugu, ni wangapi humu mnajua uzito wa mtoto wenu mdogo? Tuliuliza swali hili huko tawini, akanyanyua mkono mmoja tu, naye alikosea.

Tumekubaliana na nesi hivi. Vijana wa tawi watafyeka njia ya kwenda mtoni kabla ya masika na kurekebisha kivuko cha magogo. Siku ya kupima, wawili watabeba mizani na kisanduku, wafike mapema, watundike, wakae mbali. Hakuna fulana ya Chama, hakuna kalamu. Majina ya watoto ni ya kitabu cha nesi peke yake, na kiongozi atakayeomba kukitazama atanyimwa, hata awe katibu. Mzee mmoja wa wafugaji amekubali kutuma habari ng'ambo, kwa sharti kwamba aje nesi tu.

Siku yenyewe ni Jumanne ya pili ya mwezi. Baiskeli mbili zimepatikana. Ya tatu ipo, lakini haina tairi la nyuma. Mwenye nalo alilete ofisini kabla ya Jumapili.