Kura ya Mgombea wa Tatu
(Jumapili ya 23 ya Mwaka C)



Injili ya leo kadiri ya Mtakatifu Luka inatuonyesha mfalme aketiye kwanza na kupiga hesabu: je, kwa askari elfu kumi ataweza kumkabili yule ajaye na elfu ishirini? Bwana wetu alikuwa akinena juu ya gharama ya kumfuata Yeye, wala hakuwa akifundisha siasa. Hata hivyo hamlaumu mfalme yule kwa kuhesabu. Anayechekwa na majirani ni mjenzi wa mnara aliyeanza bila kuhesabu. Kwa msingi huo twathubutu kulijibu swali ambalo makatekista wetu huulizwa kila uchaguzi mkuu unapokaribia: wakubwa wawili wakikaribiana sana, nami nikamwona wa tatu kuwa ndiye mwadilifu, je, nikimpigia nimeitupa kura yangu? Wengine huuliza kwa ukali zaidi: je, nimetenda dhambi kwa kumpisha yule mbaya?

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 287, yatukataza sisi mapadre kushiriki kama watendaji katika vyama vya siasa. Basi msikilizaji asitafute jina la mgombea katika maneno yetu. Katekisimu, namba 2240, yataja kupiga kura kuwa wajibu wa kimaadili wa raia. Yampigie nani, imeiachia dhamiri yake. Kura si deni la chama chochote, na mgombea wa tatu hawezi kusemwa kwamba ameiba kura ambayo haikuwa ya mtu mwingine.

Lakini hesabu ipo. Tukumbuke tarehe 29 Desemba 1992. Katika nchi yetu ya Kenya, Rais Moi alitangazwa kuwa na takribani asilimia 36 ya kura, Kenneth Matiba 26, Mwai Kibaki 19, na Jaramogi Oginga Odinga 17. Sita na zaidi katika kila wapiga kura kumi walichagua mtu mwingine, naye akarudi Ikulu, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilidai kura nyingi kuliko kila mshindani, pamoja na robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Sasa, nani alikuwa wa tatu pale? Kila mmoja wa wapinzani hao aliamini kwamba ushindi ni wake, na wafuasi wake vivyo hivyo. Hatuoni haki ya kumshtaki mkulima wa Nyeri wala mvuvi wa Siaya. Mzigo ulikuwa juu ya viongozi walioshindwa kuafikiana. Mwaka 2002 wapinzani walipoketi meza moja, Kibaki alipata takribani asilimia 62.

Katiba ya 2010 imeibadili hesabu hiyo, na hapa twawaomba makatekista wasikilize kwa makini, maana wengi bado wanaufundisha uchaguzi wa 1992. Kifungu cha 138 chamdai rais zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa juu hurudi kwa wananchi katika siku 30. Kwa hiyo kura ya mgombea wa tatu katika duru ya kwanza haimketishi yeyote kitini; huwazuia wakubwa wote wawili wasiifikie nusu. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07, akiwa ameivuka nusu kwa kura zisizofika elfu kumi. Elfu kumi tu kati ya waliompigia wangemwelekea mwingine yeyote, tungeingia duru ya pili. Ni kweli, aliyekumbuka damu ya 2007 na 2008 aliweza kuiogopa duru hiyo, na hofu yake nayo ilistahili kuwekwa katika mizani.

Tena siku hiyo mpiga kura hupewa karatasi sita. Gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi hushinda kwa wingi wa kura tu, hata kwa kura moja, wala hakuna kurudia. Hapo hesabu ya 1992 ingali hai. Ikiwa mmoja wa wakubwa wawili ni mchochezi wa chuki au mnyakuzi wa ardhi, na mwenzake ni mtu wa kawaida tu, Mkristo aweza kumwacha aliye bora ili amzuie aliye hatari. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995 juu ya Injili ya Uhai, alifundisha kwamba mbunge asiyeweza kuifuta sheria mbaya aweza kuunga mkono hatua ya kuyapunguza madhara yake. Twaona mpiga kura aweza kujiongoza kwa mfano huo. Ila wakubwa wote wawili wakiwa wa ubaya mmoja, dhamiri haimfungi kumchagua yeyote kati yao.

Nia nayo ipimwe. Wako wampao wa tatu kura ili baadaye waseme wao hawamo. Pilato naye alinawa mikono. Wako pia wamkimbiao mwadilifu wakisema, “Sitaki kura yangu ipotee,” kana kwamba uchaguzi ni bahati nasibu na zawadi ni ya aliyekisia mshindi. Katika mfano wa Yothamu, kitabu cha Waamuzi sura ya 9, mzeituni, mtini na mzabibu vilikataa utawala, na mti wa miiba ukaupokea. Sisi, mzeituni unapokubali hatimaye, twaucheka kwamba hauna pesa wala kabila kubwa. Uchaguzi ujao atatoka nani?

Neno moja kwa jumuiya ndogo ndogo. Matokeo yakitangazwa, asiitwe mtu msaliti kwa sababu wadi imekwenda kwa kura chache. Kura ni siri kwa mujibu wa sheria. Mume hana haki ya kumdai mkewe picha ya karatasi yake, wala wazee wa ukoo hawana. Mama akija kwa katekista na shida hiyo, na aambiwe wazi kwamba halazimiki kuwajibu.